Maji Chini ya Nailoni

Nyumbani walimwita Hakimu, kwa kuwa hakuna ugomvi uliompita bila kuutolea hukumu. Nani kavunja kikombe, nani kamaliza sabuni: msichana huyo alikuwa na jibu kabla swali halijaisha. Mdogo wake walimwita Bata. Huyo alipenda maji kupita kiasi. Kila asubuhi alimwagilia miche yake ya mipapai nyuma ya jiko, na nusu ya maji iliishia miguuni mwake.

Mama yao alikuwa akikuza mahindi ya mbegu, na msimu huo aliyaanika uani juu ya turubai. Siku moja jua liliwaka kweli kweli, kisha jioni mawingu yakatanda. Mama alimwagiza Hakimu ayafunike mahindi. Hakimu aliyafunika kwa nailoni yakiwa bado ya moto, akabana kingo zote kwa mawe hata sisimizi asipate pa kupenya. Alijisifu kwa kazi hiyo mpaka wakati wa kulala.

Mvua haikunyesha. Lakini asubuhi mama alipofunua nailoni, mahindi ya juu yalikuwa yamelowa chepechepe. Alishtuka. Mbegu ikikaa na maji hushika ukungu, na mbegu yenye ukungu haioti. Aliuliza nani kamwaga maji pale.

Hakimu alitazama ardhi, akaiona kavu. Akatazama miguu ya Bata, akaiona inachuruzika maji.

"Kesi imekwisha, mama," alisema. "Mvua haikunyesha, na mwenye ndoo ni mmoja tu."

Bata aliapa kwamba hakulisogelea turubai. Alilia mpaka akashikwa na kwikwi. Mama, kwa uchungu wa mbegu zake, alimwambia kesho yake hatakwenda na mjomba kutazama mpira, safari aliyoiota kwa muda mrefu. Bata akaenda shule bila kunywa chai.

Siku hiyo, darasani kwa Hakimu, mwalimu wa sayansi alifundisha jinsi mvua inavyopatikana. Alichemsha maji, kisha akashika sahani baridi juu ya mvuke. Punde matone yakajitokeza chini ya sahani, yakaanza kudondoka. Alieleza kuwa jua likipasha moto ardhi na maziwa, maji hugeuka mvuke na kupanda. Huko juu kuna baridi. Mvuke hupoa, hushikamana na chembe za vumbi, na kuwa vitone vidogo mno, na vitone hivyo ndivyo wingu. Vitone vikiungana vikawa vizito, hudondoka.

Hakimu aliinua mkono taratibu. "Mwalimu, na kama chini si maji, ni mahindi?"

"Mahindi yasiyokauka yana maji ndani," mwalimu alimjibu. "Yafunike yakiwa moto, mvuke wake utapanda ukutane na kifuniko kilichopoa. Utakuwa umejitengenezea wingu na mvua yake."

Darasa zima lilicheka. Hakimu hakucheka. Aliona aibu, na alimwonea Bata huruma.

Alipofika nyumbani hakuvua hata sare. Aliikunjua nailoni iliyokuwa kivulini, akamwonyesha mama. Upande wa juu ulikuwa na vumbi kavu. Matone yote yalikuwa upande wa ndani. Maji ya ndoo yangepitaje?

"Aliyelowesha mbegu ni mimi, mama, niliyafunika mahindi yakiwa moto, yakatoa mvuke," alisema. "Bata hana kosa."

Mama aliyachota mahindi kiganjani. Mahindi yalikuwa yameshinda juani na kukauka tena, kwa hiyo mbegu zilipona. Alimwita Bata, akamwambia kesho ataondoka na mjomba, kisha akawa wa kwanza kumwomba radhi. Hakimu alifuata, macho chini.

"Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni," mama alisema. "Miguu yenye maji si ushahidi. Kabla ya kumnyooshea mtu kidole, chunguza kwanza, na uanze na kazi ya mikono yako. Hilo nami nililisahau. Haya, leo hakimu ni Bata."

Bata alijipangusa pua, akafikiri sana. Akahukumu kwamba kesho, yeye akiwa mpirani, dada yake amwagilie mipapai yote.

Kesho yake Hakimu aliimwagilia bila kunung'unika, na alipomaliza, miguu yake yote miwili ilikuwa inachuruzika maji.