Kamani ya Mselem

Mselem alibonyeza swichi, gari la moshi la kuchezea likasimama. Mlio wake haukusimama.

Uliendelea kuzunguka sakafuni juu ya reli tupu za bati, ukamaliza duara moja zima, ndipo ukanyamaza. Mselem alikuna kichwa, akajiambia kwamba ni masikio. Mafundi ndivyo walivyo: kitu kikienda sawa ni akili yao, kikienda kombo ni masikio.

Ilikuwa Alhamisi baada ya alasiri, mwaka 1957, nyumbani kwake barabara ya kumi, Ngamiani. Mselem alikuwa fundi wa saa, lakini kilichompa jina Tanga nzima ni kazi nyingine. Meneja mmoja wa shamba la mkonge huko nje ya Pongwe alikuwa akikusanya magari ya moshi ya kuchezea, yale ya zamani ya bati yanayotiwa ufunguo. Mselem aliyapasua matumbo, akaitoa kamani, yaani ule utepe wa chuma uliojikunja unaosukuma magurudumu, akatia mota ndogo, akalehemu nyaya na kuficha betri za tochi ndani ya behewa la nyuma. Gari lililozoea kwenda mizunguko saba likachoka, sasa lilikwenda mpaka mtu aseme basi. Sifa zikamlevya.

Gari la siku hiyo, hata hivyo, halikuwa la meneja. Lilikuwa la jini.

Jini hilo lilimpanda mkewe, Mwanamkasi, miaka sita nyuma, alipokatisha reli saa saba mchana, jua la utosi. Bi Semeni, mganga wa Mwera, alipolipunga, lilitaja matakwa yake kama majini wote watajavyo: marashi, mayai mawili, na gari la moshi la bati. Likaweka na sharti. Kila Alhamisi mume apige magoti, alitie gari ufunguo kwa mkono wake mwenyewe, liende mizunguko saba, kisha lipumzike. "Nikipumzika mie, na kiti changu kitapumzika," lilisema kwa kinywa cha Mwanamkasi, kwa maana yeye ndiye aliyekuwa kiti, lilikokaa.

Bi Semeni aliwaambia wasiogope. Zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Basi Mselem akapiga magoti miaka sita, na kila goti alililipizia kwa mdomo. "Wenzangu wameoa wanawake," aliwaambia wateja barazani, "mie nimeoa stesheni." Wateja wakicheka, Mwanamkasi yuko ndani anachagua mchele, anasikia kila neno. Mzaha mzaha hutumbua usaha, lakini nani wa kumwambia fundi?

Jioni hiyo Mwanamkasi alirudi kutoka Ushongo kwa dada yake, akaliona gari.

"Ufunguo wake uko wapi?"

"Umo kwenye droo. Utie pindoni mwa kanga yako, uwe pambo. Sasa ni swichi tu, mke wangu. Hata weye waweza kulihudumia jini lako. Magoti yangu yameota sugu."

"Na kamani?"

"Nimeikata vipande vya saa za watu."

Mwanamkasi aliuchukua ufunguo, akaufunga pindoni, akaketi chini. "Hukuniuliza," alisema kwa sauti ndogo. "Mselem, wallahi hukuniuliza."

"Nimelitia betri mpya, lataka nini tena?" Akabonyeza swichi ili amwonyeshe.

Gari likaondoka. Mwanamkasi naye akainuka, akaanza kutembea kulizunguka duara, kisigino chake kikigonga sakafu sawasawa na magurudumu. Mselem alicheka. Alipomaliza kucheka alibonyeza swichi, na gari halikusimama. Akachomoa betri zote mbili, akazishika mkononi, na gari likazidi kwenda, na mkewe akazidi kwenda, na harufu ya marashi iliyokuwamo chumbani miaka yote ikaanza kugeuka kidogo kidogo, ikawa moshi wa makaa, kisha ikawa nywele zinazoungua, na kila dirisha alilolifungua Mselem liliingiza harufu ile ile kana kwamba mtaa mzima ulikuwa tumboni mwa gari.

"Nisimamishe," Mwanamkasi alinong'ona akipita. Akapita tena. "Nisimamishe, baba."

Mselem alimkumbatia kiunoni, akaburutwa. Alimfunga kamba kitandani, kitanda kikaburutwa. Akachukua nyundo akalipiga gari mara moja, na Mwanamkasi akapiga ukelele, akashika ubavu, na ubavuni, Mselem alipofunua kanga, palikuwa pamebonyea kama bati. Hakupiga tena. Ijumaa nzima mkewe alitembea, akilishwa uji huku anakwenda, akilala macho wazi huku anakwenda, nyayo zikachubuka, zikaacha sakafuni duara jekundu lililokuwa likinenepa, na yeye akikonda. Kila mtu aliyechungulia alijua kwamba atakufa kwa miguu yake mwenyewe.

Jumamosi mchana Bi Semeni akafika kwa basi.

"Shikamoo, bibi," Mselem alisema.

Bi Semeni hakuitika marahaba. Aliwasha chetezo, akatupia ubani, akaketi nje ya lile duara jekundu. "Bwana mkubwa," aliliambia jini, "sema utakacho."

Mwanamkasi alifungua kinywa bila kupunguza mwendo, na sauti iliyotoka ilikuwa nzito na imechoka.

"Nilikuwa na pumziko. Huyu amelikata vipande. Nipeni kamani."

"Nitanunua nyingine!" Mselem alidakia. "Kesho, leo hii!"

"Ya dukani siitaki. Yeye anayo ndefu, mgongoni."

Mselem alijishika kiuno. Bi Semeni akamtazama kwa mara ya kwanza. "Jini lilikuwa limekujua," alisema. "Ukaenda kulifanya geni." Kisha akamgeukia Mwanamkasi. "Mwanangu, mimi siwezi kulihamisha. Kiti chenyewe ndicho husema liende wapi. Lisipokwenda, jua la kesho hutaliona. Mtaje mtu."

Ndipo Mselem alipopiga magoti, na safari hii bila mzaha. Alitambaa kando ya duara akimfuata mkewe.

"Usinitaje, mama. Nakuomba. Mtaje dada yako! Hana mume, hana mtoto, nani atamlilia?"

Mwanamkasi alizunguka mara moja. Akazunguka mara ya pili. Dada huyo ndiye aliyemlea tangu mama yao alipokufa. Alipofika mbele ya mumewe alimtazama kama mtu asomaye kibao cha stesheni atakayoshukia, akamtaja kwa jina la mama yake, kama itakiwavyo katika mambo hayo.

"Mselem, mwana wa Mwanasiti."

Gari likasimama. Mwanamkasi akaanguka kifudifudi, akalala usingizi hapo hapo.

Mselem alijipapasa mikono, akajipapasa kifua, akaona yu mzima. Akaanza kucheka. Kicheko kilifika katikati kikakwama, na mgongoni mwake, mbele ya Bi Semeni, kikasikika kitu kinajikunja polepole, krrr, krrr, krrr.

Mwanamkasi alipona, ingawa anachechemea. Kila Alhamisi baada ya alasiri huweka marashi na mayai mawili, huwasha ubani, kisha humvua mumewe shati. Chini ya bega la kushoto pana tundu dogo la mraba, halitoi damu, kingo zake baridi kama bati. Yeye hufungua pindo la kanga, hutia ufunguo, huzungusha. Mselem huenda mizunguko saba kulizunguka duara ambalo halikutoka kwa sabuni wala kwa magadi, kisha husimama alipofikia, mguu mmoja juu, macho wazi, yanaona kila kitu, mpaka Alhamisi ijayo. Mkewe humfunika shuka asiingie vumbi.

Na akienda Ushongo kwa dada yake, akakaa mwezi, ufunguo huondoka naye.