Mlinzi Aliyekufa kwa Mstari Mmoja

"Dada, wewe umesoma kitabu gani? Mlinzi amekufa!"

Mikono yangu ilisimama katikati ya msuko. Binti wa chuo aliyekalia kiti changu alikuwa ananikodolea macho kwenye kioo.

"Amekufa wapi?" nilimaka. "Ameoa! Malkia mchawi mwenyewe kawasimamia harusi."

"Harusi? Kaangukiwa na mnara, dada, mstari mmoja tu. Binti mfalme akanyweshwa dawa ya kusahau, basi, imeisha. Mimi changu nimekitupa chini ya kitanda."

Saluni nzima ikaangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke. Kile kitabu sikukisoma, nilisomewa. Mchumba wangu ni fundi friji, wenyewe wanamwita Baridi, na mfululizo mzima wa vitabu vya huyo mlinzi amenisomea yeye kwa simu, mimi hedifoni masikioni na mikono kwenye vichwa vya watu. Hicho cha mwisho kilikuwa na ahadi yake: "Tukikimaliza tu, naja kwenu kujitambulisha kwa mama."

Sasa kikawa hakiishi! Hata baada ya harusi, kila siku sura mpya.

Nikamtumia ujumbe: "Mlinzi amekufa au hajafa?"

Akajibu: "Nani kakwambia?"

"Njoo saluni. Kitabu ubebe."

Alifika na ovaroli lake la kazini, bisibisi bado mfukoni.

"Umenidanganya," nikamwanza.

"Sijakudanganya. Nimerekebisha."

"Kwani kitabu ni friji?"

Wateja wakacheka tena. Mimi sikuwa na habari nao.

"Sema ukweli, Baridi. Umekuwa ukiongeza sura ili usije kwetu. Ndiyo maana humo kitabuni watu wazima wanavuka jangwa zima kutafuta kijiko!"

"Kilikuwa cha dhahabu."

"Usinichekeshe, nina hasira!"

Akainamisha kichwa. Sauti ikashuka.

"Unakumbuka ulichosema tulipoanza kitabu cha kwanza? Ulisema, 'Huyu mlinzi ni wewe mtupu. Akifa huyu, na sisi basi.'"

"Jamani! Si nilikuwa nakutania?"

"Ningejuaje? Nilipofika pale kwenye mnara nilikaa karakana nimeshika simu, nashindwa kukupigia. Nikaamua nisome kama hajafa. Halafu kumaliza ndiyo kukanishinda. Nikawa nasema, nikifunga hiki kitabu atakitaka akisome mwenyewe, na mimi nitaachwa."

Mungu wangu, mwanaume huyu! Mtu mzima, ana karakana yake, anaogopa kuachwa kwa sababu ya mnara wa kwenye karatasi. Hasira zilinipanda mpaka machozi yakanitoka, na sikujua yalikuwa ya hasira au ya nini.

"Lete hapa."

Nikafungua mwisho, nikasoma kwa sauti: "'Mnara ukaporomoka, na mlinzi hakuonekana tena.' Hakuonekana tena? Hata kumlilia hawakumlilia? Huyu mwandishi alikuwa anawahi wapi?"

"Ndicho nilichosema mimi!" Baridi akadakia.

"Nyamaza, sijamaliza na wewe."

Nikampa binti wa chuo kile kitabu akakiweke chini ya kitanda na mwenzake. Kisha nikampigia mama, nikaweka spika.

"Mama, yule msomaji wangu yuko hapa."

"Kitabu kimeisha?"

"Kimeisha, mama. Kibaya hicho!"

"Afadhali kimeisha, nimechoka kusubiri. Mpe simu."

Baridi akajifuta mikono kwenye ovaroli mara mbilimbili, utadhani mama anamwona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unakuja lini?"

"Ju... Jumapili hii, mama. Na baba mkubwa."

"Haya. Na bisibisi uje nayo, friji yangu haigandishi. Ila hebu nimalizieni hiyo hadithi, maana huyu mwanangu kila jioni ananisimulia halafu ananikatia njiani. Yule mlinzi aliishia wapi? Alikufa?"

Baridi akanitazama. Saluni yote ikanitazama, na binti wa chuo kaziba mdomo kwa kiganja.

"Hakufa, mama," nikasema. "Anakuja Jumapili."