Maji Yanakwenda, Boti Haiendi

Haya yalimkuta dada yangu, wa tumbo moja, si habari za kuokota njiani.

Dada ni mpigapicha. Yeye na wenzake walitaka kuuteremka mto kwa boti ya mpira, wapige picha, ili watu wa mjini wajue kitakachozama bwawa likijengwa. Walikuwa watatu: yeye, nahodha ambaye ni mama asiyependa maneno mengi, na Fundi wa boti, mtani asiyekauka mdomo.

Siku ya kwanza ilikuwa raha tupu. Asubuhi iliyofuata wakaingia korongoni. Kuta za mawe pande zote mbili, laini, hakuna pa kushika. Jua lilibaki ufito mwembamba juu kabisa. Fundi alikuwa akiimba. Ghafla akanyamaza.

Boti imesimama.

Maji yalikuwa yakipita kasi, yakiipiga ubavuni. Nahodha akatumbukiza kasia atafute mwamba uliowanasa. Halikugusa kitu. Kisha likamchomoka mkononi.

Wakatazamana.

Kasia likarudi. Lilitokeza taratibu, mpini mbele, kama mtu anavyokurudishia kitu ulichoangusha.

"Usilipokee," dada akanong'ona.

Walipiga kelele, kuta zikawarudishia kelele zao. Simu hazikushika mtandao. Ule ufito wa mwanga ulipoanza kufifia, Fundi akajifunga kamba kiunoni.

"Nachungulia tu, dada'angu. Nikichelewa, mwambieni mke wangu nimenogewa na kuogelea."

"Usiende, kaka. Nakuomba."

Akazama. Chini ya sakafu ya mpira wakasikia kiganja kikipapasa. Kikapita chini ya miguu ya dada. Kikapita chini ya nahodha. Halafu huku na huku kwa pamoja. Viganja vingi.

Boti ikaachiwa.

Ilipokuwa ikichukuliwa na maji, waliivuta kamba kwa nguvu zao zote. Ikaja nyepesi. Fundo halikufunguka. Kitanzi kilikuwa kimekaza vilevile, kipimo cha kiuno, na ndani yake hamna mtu.

Walipotoka korongoni wakaita msaada, na wapiga mbizi wakamtafuta Fundi hadi wakakata tamaa.

Boti iko stoo kwa dada. Waliikunja wenyewe, imetolewa upepo wote. Juzi akaniita, tukasimama mlangoni. Ilikuwa imekunjuka, imejaa ndi!

"Nani kaijaza?" nikauliza.

Dada akanyoosha kidole.

Ubavuni, mpira ulikuwa ukifutuka polepole, kutoka ndani, kwa umbo la kiganja. Kisha kingine, pembeni yake. Hiki kidogo kuliko cha kwanza.