Kiti cha Evarista

Haya alinisimulia Kalinga, jirani yangu hapa Kihesa, na Kalinga si mtu wa porojo.

Tangu mkewe Evarista afariki, amebaki peke yake na gari lao kuukuu la kifahari, la milango miwili. Kila Jumamosi analitengeneza bandani. Viti vyake husogezwa kwa umeme. Yeye ni mrefu, Evarista alikuwa mfupi, na kiti cha dereva kiliwagombanisha kila siku.

Jumamosi moja ukungu wa Juni ulikuwa mzito. Kalinga alikuwa amelala chini ya gari, tochi ikamzimikia. Gizani, juu yake, akasikia mota ya kiti ikinguruma polepole. Kisha kimya.

“Eva?” akaita.

Alipofungua mlango, kiti cha dereva kilikuwa kimesogea mbele kabisa, karibu na usukani. Mpaka leo hajakirudisha. Anaendesha magoti yakigonga dashibodi.

Juzi nikamwambia, “Labda nyaya ziligusana, bwana.”

Akanitazama. “Umeme ungetoka wapi? Betri ya gari nilikuwa nimeilaza jikoni tangu jana yake, kando ya jiko la mkaa, baridi isiimalize.”