Kumi na Nane za Monsieur Nathanaël, Maharagwe Yangu Manne

"Huyu mutoto amekula kura za batu."

Hivyo ndivyo alivyosema Monsieur Nathanaël, mbele ya salle nzima, ukumbi mzima wa watu, kidole kikinielekea mimi... mimi ambaye hata salamu naitoa kwa kunong'ona.

Ngoja niwaeleze, ninyi mnaonisoma.

Ilikuwa Bukavu, mwaka 2000, vita juu ya vita. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, shule niliiachia quatrième primaire, darasa la nne. Maman Adèle, mwenye salle ya video kule Muhumba, alinipa kazi ya mlangoni. Kila aingiaye nampa haragwe moja. Akiipenda filamu, analitia kwenye kopo wakati wa kutoka. Asipoipenda, anaenda nalo kwake.

Monsieur Nathanaël, assistant wa université, mhadhiri msaidizi, hakuwa mtu wa maharagwe. Yeye alitoa alama zake redioni, sur vingt, yaani juu ya ishirini, kwa sauti ya mtu anayelamba asali.

Jumapili iliyotangulia tulionyesha filamu ya vita. Yeye aliipa dix-huit, kumi na nane.

Watu sitini na watatu waliingia... kopo likatoa maharagwe manne.

"Ao batu ni bajinga, ao huyu amepeleka maharagwe kwa sufuria," akamwambia Maman Adèle. "Mutu hakumaliza hata primaire, unamupa kuhesabu?"

Siku ile ya filamu Maman Adèle alikuwa Sange kwenye kilio. Hakujua lolote, akanigeukia.

"Sema, mutoto. Ao urudishe ufunguo ya mulango."

Kazi nyingine sikuwa nayo, na mama yangu alikuwa kitandani.

Nikawatazama watu. Wote walikuwapo Jumapili ile. Wote wakaangalia viatu vyao. Waoga.

Nikamgeukia Monsieur.

"Monsieur, risasi zilipoanza kulia mule kwa filamu, ulikuwa umeikala wapi?"

Akacheka. "Première rangée, mbele kabisa, kwa kiti yangu, naandika. Batu bote kimya, banasikiliza muzuri."

Watu wakainua vichwa.

Kisha Papa Murhula, muuza nyama, akaanza kucheka mpaka kofia ikamwanguka.

"Kwa kiti? Monsieur, siku ile hakuna mutu alibakia kwa kiti. Tulizani risasi iko inje. Miye nilikuwa chini ya benchi, nikatokea kwa dirisha na kiatu moja."

"Na miye nilifika nyumbani na haragwe yangu mukononi," akasema Maman Colette kutoka benchi la nyuma.

Sasa kila mtu akakiri. Wiki nzima walikuwa wanaona haya kusema walikimbia kaseti! Yale manne yalitiwa katika mbio tu.

Na bwana msomi? Alikuja, akasalimia wakubwa, akatoka kabla filamu haijaanza, nilimwona mlangoni. Alama alizitoa kwenye maelezo ya kasha la kaseti. Ndiye wa kutufundisha kuangalia.

Maman Adèle akairudisha filamu ileile, safari hii akiwaambia kwanza wapi risasi zitalia. Watu walewale sitini na watatu wakakaa mpaka mwisho. Nilihesabu kopo mara tatu.

Hamsini na saba.

Maman Adèle akapiga hesabu kwenye kiganja chake.

"Iko dix-huit sur vingt."

Ndiyo. Yule mwongo alipatia. Hilo linanichefua mpaka leo.

Kwa hiyo ukiona alama za mjuzi na za watu zimeachana, usikimbilie kutafuta mjinga wala mwizi. Uliza kwanza nani alikuwa ndani, na walitokaje.

Ufunguo nilibaki nao. Kiti cha première rangée tulimpa Papa Murhula, pamoja na kile kiatu chake kilichobaki chini ya benchi.