Mstari wa Saba

Foleni ya maandazi ya matufaha, asubuhi ya Jumamosi katika soko la St. Jacobs, haimjui profesa wala mkulima. Humo ndimo Callum Fedoruk, mtazama nyota kwa darubini, alimomwona Leona Brubacher: koti la sufu la rangi ya zabibu, skafu ya manjano, akiandika hesabu juu ya mfuko wa karatasi uliolowa mafuta.

"Mashimo meusi ya angani hayo?" akamwuliza.

"Hayo hayo."

"Usijichoshe, dada. Kilichotumbukia humo hakitoki."

"Hutoka," akajibu bila kuinua uso. "Shimo huvuja nishati kidogo kidogo mpaka liishe, na ndani ya mvujo huo zimo habari zote za kilichomezwa. Sogea, foleni inakwenda."

Kwa ubishi huo wakapendana, na kumbe walikuwa wakifanya kazi chuo kimoja cha fizikia mjini Waterloo bila kujuana. Lakini pendo la Callum lilikuwa na mwiba. Alipokuja mgeni kutoka Montreal, Emile Sarrazin, mtanashati wa viatu vinavyong'aa, Callum akaanza kuhesabu vikombe vya kahawa aliyokunywa na Leona.

"Mnazungumza nini siku nzima?"

"Mashimo meusi, mpenzi."

"Mbona mimi huniambii?"

"Wewe nikikwambia hununa siku tatu."

Ijumaa moja, adhuhuri, Callum aliingia chumba cha chai cha chuo. Ubao ulikuwa umejaa. Mstari wa mwandiko wa Leona, wa duara. Chini yake mstari wa mwandiko uliolala, wa Emile. Kisha Leona tena, kama washairi wawili wanaojibizana beti. Pembeni, ndani ya kisanduku, neno USIFUTE, ambalo kwa wanafizikia ni amana. Wivu haukumwachia macho ya kusoma. Aliona miandiko miwili imelala pamoja, basi. Akashika kifutio, akafuta wote.

Haikupita saa, simu yake ikalia; ni Leona.

"Callum, nani amefuta ubao?"

"Mimi."

"Hesabu ya miezi mitatu ile. Jumatatu naitetea mbele ya watu."

"Huna picha?"

"Niliandika usifute. Picha ya nini?"

"Basi mwambie Emile wako akuandikie upya."

"Uliusoma kabla ya kuufuta?"

"Sikuusoma."

"Nenda kausome," akasema, akakata.

Callum akarudi mbele ya ubao mtupu, kwani alijua kuwa aliyekatiwa simu na Leona huenda asipigiwe tena. Jua la majira ya baridi liliingia dirishani kwa upande. Akainamisha kichwa hadi shavu likakaribia ubao. Na kumbe chaki ilikuwa imeacha vivuli vyake. Akampigia.

"Leona, yaonekana."

"Soma. Naandika."

Akasoma mstari wa Leona, kisha ule uliolala: "'Callum atapinga: mvujo haubebi habari.'" Sauti ikapungua. Mstari wa nne: "'Callum atauliza: ushahidi uko wapi?'" Mistari yote ya Emile ilianza kwa jina lake.

"Nilimwomba asimame mahali pako," Leona akasema. "Nilitaka kukushinda wewe. Ila nikibishana nawe, siku tatu nalala na ukuta."

Callum akasoma hadi wa sita, akakwama hapo.

"Wa saba hauonekani. Hapo nilikandamiza kifutio sana."

"Huo ni wangu. Ulinichukua wiki tano, na sasa sina hakika nao."

"Leona, utaniacha?"

"Si wewe uliyesema kilichotumbukia hakitoki?"

"Nilikosea."

"Usikubali upesi hivyo. Nahitaji mpinzani mpaka Jumatatu, asiyenuna."

"Sitanuna."

"Tutaona. Niwekee maji ya chai, nakuja."

Callum akaweka maji motoni. Kisha akatwaa chaki, akairudisha mistari sita mahali pake, akaacha nafasi pana ya mmoja, na chini ya nafasi hiyo akaandika kwa mkono wake mwenyewe: Callum anasikiliza.