Jiko Refu la Mama Happy

"Chaki ilikuwa inakuuma nini, mwalimu?" Mzee Jailos alilitua jiko kwa kishindo uani kwa jirani yake Tekla. "Miaka kumi na minne umefundisha, hakuna mtoto aliyeungua. Umekwenda Mbeya kusomea kuchora majiko, leo mke wangu hawezi kukanyaga."

"Baba, niambie kwanza lilivyoanguka," alisema Tekla, mama yake Happy.

"Lilianguka kama vitu vinavyoanguka. Chini."

Watu wakacheka. Kijijini Igowole ugomvi haukosi watazamaji. Mama Obeid alikuja na ungo wake wa mboga, akawa anachambua palepale asipitwe na neno. "Mimi nilisema," akachombeza. "Nani anaacha kazi ya serikali akiwa na akili zake?"

Happy, wa darasa la sita, alikuwa akisugua sufuria. Mkono wake ulisimama.

Mama yake aliacha ualimu akaenda kusomea ubunifu wa bidhaa, yaani kuchora vifaa na kuvijaribu mpaka vimfae mtumiaji. Jiko hilo la mkaa, refu na jembamba, lilikuwa kazi yake ya kwanza. Alikuwa amegawa matano kwa majirani wayajaribu, akampa Happy daftari. "Kila jioni upite ukaangalie wanavyolitumia," alimwambia. "Usiulize tu kama ni zuri. Watu wa hapa hawamwambii mtu ubaya wa kitu chake usoni." Daftari lilipojaa sifa, karakana moja ya Ipogolo ilikubali kuyatengeneza.

"Lakini baba, daftari linasema kwako halina shida," alisema Tekla.

"Nani alikuja kwangu? Hata kuku wako hajafika."

Tekla akamgeukia binti yake. "Ulikwenda?"

"Siku ya kwanza tu," Happy alinong'ona. "Nyingine nilijaza mwenyewe. Nilikuwa nacheza rede."

Mama hakumpiga. Alichukua simu, akapiga Ipogolo. "Fundi Tadeo, simamisheni. Hayo mliyomaliza msimpe mtu." Alisikiliza kwa muda mrefu. "Sawa. Nimeelewa." Akaishusha simu. "Nafasi yetu karakanani wanampa mwingine."

Happy aliona bora angechapwa.

Jioni mama na binti walipiga hodi kwa Mzee Jailos. Bibi Devotha, mkewe, alikuwa amekaa mkekani, mguu umefungwa bandeji.

"Kamwene, bibi," Happy alisalimu, akapiga magoti. "Nisamehe. Niliandika uongo."

Bibi alimtazama, akausogeza mguu wake kando. Tekla akasogea. "Mama, nionyeshe ulivyokuwa umekaa."

"Nilivyokaa siku zote. Ukungu huu wa Juni, tukishaepua chakula miguu inapanda ukingoni mwa jiko, tunaota moto tukipiga soga. Nilipoegemeza tu, likapinduka, makaa yakanimwagikia. Umezaliwa hapa, Tekla, hukulijua hilo?"

"Nililijua. Nilipochora niliwaza sufuria, nikasahau miguu." Alifungua ukurasa mpya wa daftari, akachora jiko fupi lenye miguu mipana na ukingo wa kuegemeza nyayo. Bibi aliielekeza penseli kwa kidole: panua hapa, shusha hapo. Walibishana mpaka likawa jiko ambalo hata mtoto asingelipindua.

"Lini litakuwa tayari?" Bibi aliuliza.

"Sijui, mama. Hata wa kulitengeneza sijampata."

Bibi akamgeukia Happy. "Mjukuu wangu, uongo ulioandika haukukaa kwenye daftari. Umekuja kukaa kwenye mguu wangu, na kwenye kazi ya mama yako. Ukitumwa kuangalia, angalia. Ukiwa hukwenda, sema hukwenda. Aibu yake ni ya siku moja."

"Ndiyo, bibi."

Mzee Jailos alichungulia kutoka jikoni, uso bado umekunjamana. "Kumbe bado mpo?"

Tekla akainuka kuaga.

"Unakwenda wapi? Ugali umeshaiva, na hasira yangu hailiwi. Happy, lete maji tunawe. Ingieni ndani tule."